Dhamana Iliyokwisha

Hedifoni zangu zilianza kufa usiku mmoja wa Machi 2022, kiasi cha saa tano, nikiwa katikati ya sentensi ya mtu aliyefariki dunia mwaka 1991. Kwanza ulinyamaza upande wa kulia. Nikazigeuza nyuma mbele ili upande wa kushoto ukae kulia, maana sikio langu la kushoto limekuwa zito tangu nilipostaafu. Wiki tatu baadaye upande ule nao ukakoroma siku mbili, kisha ukamfuata mwenzake. Nikabaki na pambo la kichwani lenye bei ya pikipiki.

Bei hiyo sikuitia chumvi. Nilizinunua mwaka 2014 kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, kwa mkono wa mpwa wangu anayeishi Ujerumani. Wenzangu tuliostaafu pamoja walijenga vyumba vya kupangisha, mmoja alinunua bodaboda mbili. Mimi nilitoa fedha iliyotosha pikipiki mpya nikapokea boksi jeusi lenye kitambaa laini ndani, na karatasi ya dhamana ya miaka miwili. Mke wangu aliliangalia boksi, akaniangalia mimi, akaenda jikoni. Mpaka leo hajalizungumzia, na nyumba yetu si nyumba ya watu wanyamavu.

Msomaji atauliza mwalimu mstaafu wa Tanga anataka nini na chombo cha namna ile. Mimi si mpenzi mkubwa wa muziki. Kati ya mwaka 1984 na 1988 nilikuwa nafundisha historia katika sekondari moja mkoani humo, na siku za likizo nilipanda baiskeli na kinasa sauti cha kaseti, nikazunguka mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza kuwahoji wazee waliokuja huko wakiwa manamba. Neno hili vijana wa leo hulitumia ovyo, basi nilieleze. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 likazaliwa zao lililohitaji vibarua maelfu kwa maelfu, nao wakatafutwa mbali: Nyanda za Juu Kusini, Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Mtu alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi.

Nilijaza kaseti 47. Wengi wa wazee wale hawapo tena, na wenye kuzitambua sauti zao tumebaki wachache.

Katika kaseti ya 31, iliyorekodiwa mwaka 1986, mzee mmoja mzaliwa wa upande wa Njombe anasimulia habari za mwenzake wa kambini. Waligombana na mnyapara, mwenzake akapigwa, akalala siku mbili bila kwenda shambani. Kisha mzee anasema maneno manne kwa sauti ya chini, mbuzi akilia nje ya dirisha. Mwaka ule niliyaandika hivi: "Walimshika usiku. Hatukumwona tena." Nikayatia katika kijitabu kidogo cha shule tulichokipiga kwa stensili, na wanafunzi wangu wakajifunza kutoka humo jinsi watoro walivyokamatwa.

Januari 2022 nilipata barua kutoka Njombe. Mwandishi wake, mama wa makamo, alikuwa amekiona kijitabu kile kwa mwalimu mmoja, akalikuta humo jina la babu yake. Kwao babu huyo alihesabiwa kuwa mtu aliyekwenda Tanga, akapata mke mwingine, akawasahau watoto. Bibi yake aliingia kaburini na uchungu huo. Sasa mjukuu alikuwa na swali moja jepesi: hao waliomshika, walimpeleka wapi?

Nilikwenda kwenye kaseti ya 31 nikiwa na hedifoni zangu. Nikaisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ile mara ya kumi niliiweka kalamu chini. Sikuwa na hakika tena kwamba mzee alisema "walimshika". Ilinijia kama "walimzika".

Tofauti ya sh na z ni kitu kidogo sana: mvumo mdogo wa koo na namna pumzi inavyopita kati ya meno. Sauti za jamii hiyo hukaa juu, mahali palepale ambapo kaseti kuukuu hutoa ile sauti yake kama mvua nyembamba juu ya makuti. Kwa hedifoni za shilingi elfu tano za sokoni mvua hiyo hufunika kila kitu, na mzee huweza kuwa amesema lolote upendalo. Kwa zile zangu mvua ilikaa kando, naye mzee akakaa mbele yangu. Lakini masikio ya mtu aliyekwisha kushuku si masikio ya kuaminiwa. Nilitaka kurudi tena na tena, siku tofauti, nikiwa nimepumzika. Katika kurudi huko ndipo zilipokufa.

Kampuni iliyozitengeneza sitaitaja. Itoshe kusema ni ya Ulaya, na si mojawapo ya zile nitakazozitaja hapa chini. Niliiandikia barua pepe nikaeleza ugonjwa wote. Walijibu baada ya siku nne, kwa adabu kubwa. Dhamana yangu, walisema, ilikwisha mwaka 2016, jambo nililokuwa nalijua. Modeli yangu ilikuwa imeacha kutengenezwa, na spika zake za ndani hazikuwamo tena katika ghala. Ningeweza kuzituka kwao zikaguliwe kwa malipo yasiyorudishwa, bila ahadi ya kutengenezwa. Au ningeweza kupunguziwa bei kidogo nikinunua modeli mpya. Nilipiga hesabu ya posta ya kwenda, ukaguzi, posta ya kurudi na ushuru wa forodha hapa kwetu. Mpwa wangu alinipigia simu akasema: "Mjomba, huku watu wakifikia hapo huzitupa."

Nilifanya jambo ambalo mwalimu wa historia hulifanya akikasirika. Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni lini mtu alianza kununua kitu cha thamani namna hii bila kupewa uwezo wa kukitengeneza.

Nikagundua kwamba zamani watu hawakuzinunua kabisa. Mjini London mwaka 1895 ilianzishwa huduma iliyoitwa Electrophone. Waya wa simu ulileta nyumbani nyimbo na michezo kutoka majumba ya maonyesho, na hata mahubiri ya kanisani siku za Jumapili. Mteja alilipa paundi 5 kwa mwaka, akaletewa visikilizio vya kushikilia masikioni. Vyombo vilikuwa vya kampuni. Vikiharibika ilikuwa juu ya kampuni kuvitengeneza au kukosa ada ya mwaka ujao. Habari ya dhamana haikuwapo, maana mwenye mali na fundi walikuwa mtu mmoja.

Mambo yalianza kubadilika na Mmarekani mmoja wa Utah, Nathaniel Baldwin, ambaye mwaka 1910 aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizozitengeneza jikoni kwake. Wanamaji walizijaribu wakaona zinashinda walizokuwa nazo, wakaagiza nyingine. Katika miaka ya 1920, redio zilipoingia majumbani, hedifoni zilienea kwa watu wa kawaida. Ukizitazama katika picha utaona kifuniko cha duara kilichofungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Ndani mna sumaku, koili za waya mwembamba wa shaba, na bamba jepesi la chuma. Bamba likipinda, mwenyewe alifungua, akaligeuza, akafunga. Sumaku ikichoka, aliipeleka kwa fundi ikatiwa nguvu upya. Kila mwenye chombo alijua tumboni mwake mna nini.

Mjini Berlin, mwaka 1937, kampuni ya Eugen Beyer ilitoa modeli ya DT 48. Hapa bamba la chuma liliachwa. Badala yake koili ndogo ilibandikwa kwenye utando mwepesi, ikacheza mbele ya sumaku, kwa kanuni ileile ya spika ya redio. Sauti ikawa bora mno. Lakini koili sasa ilikuwa inatembea, na kitu kitembeacho huchoka, na waya wake ni mwembamba kuliko unywele. Kuanzia hapo si kila mwenye hedifoni aliweza kujitibu. Hata hivyo DT 48 iliendelea kutengenezwa mpaka karne hii ya sasa, na kitu kinachoendelea kutengenezwa hakikosi spea.

Mwaka 1958, John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani, na biashara ikageuka. Kampuni yake baadaye ilijulikana kwa kutoa dhamana ya maisha. Nilipoisoma habari hiyo niliuliza kwa sauti, peke yangu chumbani, "maisha ya nani?", mke wangu akajibu kutoka uani kwamba bila shaka si ya pesa zangu.

Aliyenigusa zaidi ni Fritz Sennheiser, ambaye kampuni yake karibu na Hannover ilitoa HD 414 mwaka 1968. Hizi zilikuwa hedifoni za wazi, zisizoziba sikio, zenye sponji za rangi ya manjano. Waya wake ulichomoka kila upande bila kukata kitu. Sponji ikioza uliivua kama soksi ukavika nyingine. Mwaka 1997 kampuni hiyohiyo ikatoa HD 600, chombo cha bei kubwa, na desturi ile haikuachwa: waya unachomoka, sponji zinachomoka, na hata spika yenyewe yatoka mahali pake bila kuvunja kitu. Wapo watu mpaka leo wanaozitumia zile za miaka ya tisini, sehemu zikiwa zimebadilishwa moja moja. Aliyekaa mezani akachora chombo namna hiyo alikuwa akimfikiria mtu wa miaka 20 mbele, ambaye hatamjua.

Wakati huohuo barabara nyingine ilikuwa inafunguliwa. Mwaka 1979 Sony walitoa Walkman, na hedifoni nyepesi zikaenea duniani. Nakumbuka Tanga ya miaka ya themanini, nchi ikiwa imekaukiwa hata sabuni, vijana wa bandarini wakipita na vile visponji vya rangi ya machungwa masikioni. Vilikuwa vitu vya kutupwa, nasi hatukuvitupa; waya ukikatika uliungwa kwa moto wa kibatari na kipande cha plasta. Mwisho wa barabara hiyo ni visikilizio visivyo na waya kabisa, kama AirPods zilizotolewa na Apple mwaka 2016, vilivyofungwa kwa gundi, na betri ndani yake. Betri ina umri wake kama yai. Ikizeeka nayo imefungiwa ndani, chombo kizima huzeeka nayo, hata kama spika ni nzima kabisa.

Nilidhani gundi hiyo ni habari ya vitu rahisi. Kosa langu lilikuwa hapo. Bei ilipopanda, gundi ilipanda nayo, na siku hizi mtu aweza kulipa fedha ya kiwanja kwa kitu ambacho hakina skrubu hata moja inayoonekana.

Tena kuna jambo ambalo karatasi ya dhamana haikwambii: kampuni zenyewe zinauzwa. AKG ilianzishwa Vienna mwaka 1947, mji ukiwa bado magofu ya vita. Mwaka 1994 ikawa mikononi mwa Harman ya Marekani, mwaka 2017 Harman ikawa ya Samsung, na mwaka huohuo shughuli za Vienna zikafungwa. Baadhi ya wahandisi wake walikataa kutawanyika, wakaanzisha kampuni yao wenyewe mjini humo, Austrian Audio. Sennheiser iliuza upande wake wa bidhaa za watu wa kawaida kwa Sonova ya Uswisi, na mapatano yakakamilika mwaka 2022, mwaka uleule ambao zangu zilinyamaza. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba kampuni ya Beyer nayo inauzwa kwa Wachina. Simlaumu mtu kwa kuuza mali yake. Nasema tu kwamba mnunuzi wa chombo hudhani amefunga ndoa na nyumba fulani, kumbe nyumba yenyewe iko sokoni.

Sheria zimejaribu. Marekani ilipitisha sheria ya dhamana, iitwayo Magnuson-Moss, mwaka 1975, nayo hairuhusu dhamana kuvunjwa kwa sababu tu mtu ametengenezesha chombo chake kwa fundi wa nje. Hata hivyo, miaka 43 baadaye, mwaka 2018, serikali ya huko ililazimika kuzionya kampuni sita kuhusu masharti ya namna hiyo, zikiwamo zile stika zinazosema ukinibandua dhamana imekufa. Jumuiya ya Ulaya iliweka dhamana ya kisheria ya miaka miwili mwaka 1999. Ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi yangu. Mwaka 2024 wakatoa agizo jipya la haki ya kutengenezewa vitu hata dhamana ikiisha. Niliisoma orodha ya vitu vyenyewe kwa shauku: mashine za kufulia, majokofu, simu, hata mashine za kuchomelea vyuma. Hedifoni hazimo. Kwa upande wa betri kuna afadhali, kwani kanuni yao ya mwaka 2023 imepanga kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye chombo. Zangu hazikuwa na betri.

Basi sheria zilinipita kulia na kushoto. Nikachukua boksi langu jeusi nikaenda kwa fundi redio.

Fundi huyu ninamjua tangu enzi za redio za mbao na valvu. Kibanda chake kina harufu ya risasi iliyoyeyuka na chai ya tangawizi. Ana miaka sabini na kitu. Alichomoa waya akaupima kwa mita: mzima. Akagusa vituo vya spika upande wa kulia: mita haikutikisika. Kushoto: vilevile. Akavua miwani, akavaa nyingine, akachungulia kwenye vitundu.

"Mwalimu, koili zako huenda ni nzima," akasema. "Kilichokatika ni ule uzi unaotoka kwenye koili kuja nje. Chumvi ya bahari imeula. Ona hapa, kijani."

Nikaona, au nilijifanya naona. Doa la kijani, mfano wa ukungu wa mkate, mahali uzi wa shaba ulipokutana na risasi. Nikakumbuka barua zangu kali kwa wale mabwana wa Ulaya, nikaona haya kidogo. Nyumba yangu iko mita mia mbili kutoka ufukweni na madirisha hatufungi. Sina hakika kwamba kosa lote lilikuwa lao.

"Basi unga," nikamwambia.

Akanyoosha mkono wake juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka. "Zamani ningeunga. Leo mkono huu utaua. Pasi ikikaa sekunde moja zaidi, utando unayeyuka. Nenda Kariakoo, kwa vijana wa simu. Wana darubini."

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Vitabu vyote nilivyosoma vilihusu kampuni na sheria. Hakuna kilichosema kwamba ufundi unaweza kutoka mlango ambao hukuutazamia. Kwa miaka ishirini vijana wa nchi hii wamekuwa wakitengeneza simu za mkononi, kwanza kwa kukisia, kisha kwa mita, kisha kwa darubini za mezani, wakiunga njia za umeme zisizoonekana kwa macho. Hakuna aliyewafundisha kutengeneza hedifoni za matajiri. Lakini uzi mwembamba ni uzi mwembamba.

Nilikwenda Dar es Salaam Februari 2023. Kibanda nilichoelekezwa hakikuzidi upana wa kitanda, kati ya duka la vitenge na muuza chaja. Kijana aliyekuwa ndani alisimama aliponiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Natumwa na fundi wa Tanga."

Alizipokea kwa mikono miwili, akazigeuza, akasoma jina, akapiga mluzi mdogo. "Hizi sijawahi kuzishika. Zina waranti?"

"Ilikwisha mwaka 2016."

"Afadhali," akasema. "Ingekuwapo ningeogopa kufungua."

Nimelifikiria sana neno hilo la kijana. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nimezitunza kama mali ya mtu, sikuthubutu hata kufuta vumbi kwenye vitundu. Mto wa sikio ulipobambuka baada ya dhamana kuisha, mke wangu, yuleyule asiyelizungumzia boksi, alishona vifuniko kwa kanga kuukuu, navyo ndivyo vilivyokuwa juu yake siku ile Kariakoo, maua mekundu yakimkodolea macho yule kijana.

Alianza kazi saa nne. Alipuliza hewa ya moto kidogo kidogo kulainisha gundi, akaingiza kikadi chembamba cha plastiki pembeni, akavuta, akasubiri, akavuta tena. Kifuniko kilipotoka alikifunika kinywa cha sumaku kwa utepe wa karatasi. Nikamuuliza sababu. Sumaku hii ina nguvu, akasema, ikikivuta kifaa cha chuma kitatua kwenye utando na kuutoboa, mchezo umekwisha. Kwa hiyo alitumia kibano kisichovutwa na sumaku. Uzi wa koili umepakwa vanishi, nayo lazima iondolewe nchani la sivyo risasi haishiki. Aliikwangua chini ya darubini kwa ncha ya wembe, huku akizuia pumzi. Kisha kutoka kwenye spika ndogo ya simu mbovu alifumua uzi wa shaba, akakata kipande kifupi kuliko punje ya mchele, akakifanya daraja kati ya koili na kituo. Aliponiita nichungulie niliona kamba nene ya shaba imelala juu ya kilima cha fedha. Nilipotoa jicho kwenye darubini hakikuwapo kitu.

Upande wa pili ulimchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu chumvi ilikuwa imekula mpaka karibu na utando. Mara moja alisimama akaenda kunywa maji. Sikusema neno. Nilikuwa nimesimama pale kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji, na muuza chaja akanipa kiti.

Saa nane kasoro akapima. Mita ikasoma kulia, ikasoma kushoto.

"Una muziki, mzee? Nijaribu."

Sikuwa na muziki. Kwenye simu yangu binti yangu alikuwa amenihamishia kaseti chache, na ya 31 ilikuwamo. Niliitafuta ile sehemu, nikarudisha nyuma dakika moja hivi, nikampa. Akavaa zile hedifoni zenye maua ya kanga, akaziba macho kwa kiganja kama wafanyavyo watu wa studio. Barabarani mkokoteni ulipita ukipiga kelele. Nilimwona anakunja uso, kisha anakaza hedifoni kwa mikono miwili. Sikumwambia kitu chochote kuhusu mzee wa Njombe, wala mnyapara, wala kitabu, wala barua. Nilikuwa nahesabu maneno kichwani: mbuzi, sasa mbuzi analia, sasa.

Akazivua.

"Pande zote safi. Wa kushoto uko chini kidogo, lakini safi." Akanirudishia simu. "Mzee, huyu waliyemzika usiku alikuwa nani?"

Nilikaa tena kwenye kiti cha muuza chaja. Baadaye nilimweleza, kwa kifupi, naye alinisikiliza huku akifuta darubini yake. Alinitoza shilingi 70,000. Nilipomuuliza dhamana ya kazi yake alifikiri kidogo akasema, "Wiki mbili, mzee. Chumvi ya Tanga mimi siiwezi."

Nilipanda basi la jioni. Kabla ya kufika Chalinze nilikuwa nimekwisha kuandika mistari mitatu ya kwanza ya barua ya Njombe, nikaifuta, nikaandika tena.